Mwaka Tuliomlaza Mwalimu Mchangani

Simu ya Mwende ilinikuta Lodwar, nikiwa juu ya paa la zahanati nikifunga paneli ya sola. Watu wanaonijua hawaanzi na habari gani, wao huanza na "Uko wapi siku hizi?" Nikamwambia niko wapi. Akasema, "Shuka kwanza." Hakuna anayekuambia ushuke kwenye paa ili akupe habari njema. Nilishuka ngazi pole pole, spana ikiwa bado mkononi, na nilipokanyaga ardhi akaniambia: Mwalimu Musembi ametuacha, tunamzika Alhamisi, nyumbani kwao Mbooni. Nilikaa chini palepale kwenye kivuli cha tangi la maji. Nimefanya kazi katika miji mingi kuliko ninavyoweza kuitaja bila kuruka mmoja, na katika kila mji nimewaaga watu bila kugeuka nyuma mara mbili. Lakini upo mwaka mmoja ambao sijawahi kuuaga. Ni mwaka wangu wa kidato cha tatu, kando ya mji wa Kitui, na mtu aliyenishikilia ndani ya mwaka huo ndiye aliyekuwa anangoja kuzikwa.

Ya nyumbani kwetu nitayaacha, hayana jipya. Inatosha kusema kwamba muhula wa pili ulipoanza, mkoba wangu ulikuwa umefungwa. Kuna mtu wa Kibwezi aliyekuwa ameniambia kwamba kwenye barabara ya Mombasa kijana mwenye mgongo mzuri hakosi kazi, vitunguu vinapakiwa kila siku, na malori yanakwenda mbali. Neno lililonichukua halikuwa kazi, lilikuwa mbali. Nilikuwa nimewahi kutoroka mara mbili, na mara zote mbili nilirudi kwa sababu ya njaa. Safari hii nilijiapiza sitarudi. Mwalimu Musembi alitufundisha Kiingereza, kijana mrefu mwenye mikono mirefu kuliko mashati yake, na sijui ni nani alimwambia. Alinikuta nyuma ya darasa la jiografia, akaegemea ukuta kando yangu kama mtu anayesubiri zamu kinyozini. "Mutua," akasema, "nasikia unasafiri. Sikuzuii. Lakini nina klabu hapa, na nina kazi ambayo haiwezi kufanyika bila mtu mwenye miguu isiyotulia. Kaa hadi Siku ya Wazazi. Baada ya hapo, kama klabu haina la kukupa, nitakubebea huo mkoba mimi mwenyewe mpaka stendi." Hakuna mtu mzima aliyewahi kuahidi kunibebea mkoba. Nikakaa.

Klabu yenyewe ilikuwa watu watatu ndani ya chumba cha jiografia. Mimi, Mwende na Ali. Chumba kilikuwa na kipimo cha mvua kilichojaa vumbi kwa kukosa mvua, tufe la dunia lisilo na kigingi ambalo tulilipiga teke likibingiria, na harufu ya chaki na popo. Mwende alikuwa na sauti ya kiranja hata akiomba kalamu. Ali alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa mjini, Waislamu walioishi Kitui tangu babu wa babu yake, na alikuwa na uso mpole mno, jambo ambalo Mwalimu alisema ndilo humfaa muuaji. Kazi ilikuwa kutengeneza mwanzo wa filamu ya kutisha. Mwanzo tu. "Filamu nzima hatuiwezi," Mwalimu alituambia siku ya kwanza, "lakini mwanzo hata maskini anauweza. Mpe mtu dakika nne ambazo atakataa kuinuka kitini. Yatakayofuata atajitungia mwenyewe."

Dakika nne hizo hazikuchaguliwa na sanaa. Zilichaguliwa na Jeremiah, mpiga picha za video za harusi, ambaye ndiye pekee tuliyemjua mwenye kamera. Alikuwa amebakiwa na mkia wa kaseti ya harusi moja, dakika kama sita, ingawa alituhakikishia nne tu, na alikubali kutupa mkia huo pamoja na Jumamosi asubuhi hadi saa tatu, kwa kuwa saa nne alikuwa na bibi arusi wa kumpiga picha. Mashine ya kukata na kuunganisha hakuwa nayo. Alivyofanya harusi ndivyo angetufanyia sisi: piga, simamisha, songa mbele. "Ukianza na mwisho, mwisho ndio utakuwa mwanzo," alituonya. Kwa hiyo tulilazimika kujua kila picha kabla ya kuipiga. Mwende alizichora nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, watu wote wakifanana na njiti za kiberiti, akazibandika ukutani kwa uji wa unga. Mto wa mchanga, mkavu, mweupe. Nyayo za watu wawili zinaelekea kwenye kisima cha kuchimbwa mchangani. Mtungi wa plastiki wa manjano umelala ubavu. Kisha nyayo za mtu mmoja, zinarudi. Mwisho, mkono.

Huo mkono ndio uliotusumbua mwezi mzima. Hakuna aliyekubali kufa. Mamake Mwende alimwambia usicheze na kifo, kina masikio. Ali alituletea jibu la babake siku iliyofuata: "Amesema kwetu maiti haiigizwi, huoshwa. Na kama nataka kuoshwa, maji yapo, niende nikaoge." Mimi nilijitia ushujaa nikasema nitalala mimi, lakini usiku huo sikupata usingizi, na asubuhi nikadai kifua kinaniuma. Tulijadili jambo hili jioni nyingi katika chumba alichopanga Mwalimu nyuma ya kinu cha kusaga unga. Ndani ya chumba hicho kila kitu kilikuwa na unga juu yake, vitabu, redio, hata nyusi za Mwalimu. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe vilikaa jikoni tangu mchana, vikinukia mpaka mlangoni, na vikombe vilikuwa vitatu kwa watu wanne, kwa hiyo Mwalimu alikunywa chai kwa kifuniko cha sufuria, akikipuliza kwa madaha kama mtu aliyekichagua. Nimekula kwenye hoteli za pwani tangu wakati huo, na kwenye manyatta, na juu ya boneti za malori. Bado sijala muthokoi ulioiva namna ile. Ukuta wa mabati ulituruhusu kusikia yote yaliyosemwa na kina mama waliopanga foleni kinuni.

"Huyu mwalimu wa Kiingereza, mnajua anafundisha watoto kuua mtu?"

"Ngai! Kuua nani?"

"Bado wanatafuta."

Tulicheka mpaka Ali akamwaga chai. Mwalimu hakucheka sana. Alikwangua chini ya sufuria, akatugawia ukoko, akasema, "Basi wameshapata. Nitalala mimi. Mamangu yuko mbali, Mbooni, hatanisikia." Mwende akamuuliza kama haogopi. "Ninaogopa," akasema. "Ndiyo maana itaonekana vizuri."

Kuna jambo jingine alilokuwa analiogopa, na nililijua mimi kwa sababu ya mlango. Wiki hiyo nilitumwa kupeleka madaftari ofisini nikamkuta mwalimu mkuu akiongea na Musembi mlango ukiwa haujafungwa vizuri. "Wazazi wetu ni watu wa kanisa," alikuwa akisema, "na tayari wameanza kuuliza. Utaonyesha hiyo kitu yako Siku ya Wazazi. Mzazi mmoja akisimama kulalamika, mmoja tu, klabu imekwisha." Musembi akajibu, "Sawa, mwalimu mkuu. Lakini kuna mtoto mle ndani ambaye klabu ikikwisha, na yeye amekwisha." Nilisimama na yale madaftari mpaka mikono ikafa ganzi. Sikumwambia Mwende wala Ali. Nilirudi darasani nikijua kwamba yule mtoto ni mimi, na kwamba mtu amesimama mbele ya meza kubwa akanitetea bila kunitaja jina.

Jumamosi tulifika mtoni kabla jua halijatoka. Mchanga wa mto mkavu ni kama daftari. Kila anayepita anaandika, na sisi tulitaka ukurasa safi kabla ya punda na kina mama wa maji kufika. Tuliingia kwa kupitia kwenye mawe ya kando ili tusiuchafue. Ali alivaa koti la mvua la babake, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, katika nchi ambayo mvua ilikuwa imetusahau misimu miwili. Yeye na Mwalimu walitembea sambamba kwenda kisimani, mara moja tu, kwa kuwa nyayo hazirudiwi, na Jeremiah aliwafuata kwa kamera akiwa amepiga magoti juu ya mwamba. Kazi yangu, ile ya miguu isiyotulia, ilikuwa kukimbia kando ya mto kufukuza mbuzi. Nilifukuza mbuzi wengi. Mmoja alinishinda akakatiza katikati ya picha ya mtungi wa manjano, na Jeremiah akakataa kurudia: "Kaseti haina nafasi ya majuto." Yule mbuzi yumo mpaka leo. Anasimama, anaunusa mtungi, anatazama kamera, anaondoka. Watu husema ndipo walipoanza kuogopa.

Kisha tulimlaza Mwalimu. Tulichimba kando ya kisima, kina cha mkono mmoja, pale ambapo mchanga huanza kuwa na unyevu, akalala chali, tukamfunika uso kwa gunia jepesi ili apumue, tukamwagia mchanga mwilini mpaka ukabaki mkono wake wa kulia, kiganja juu, vidole vikikaribia kugusa maji. Mwende alimwamuru asitikisike mpaka aseme inatosha. Ali akaondoka peke yake, nyayo zake zikirudi. Kamera ikashuka taratibu kwenye mkono. Kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia maji yakichuja kisimani. Na hapo ndipo nilipoona kivuli cha mtu juu ya mchanga wetu safi, na nyuma yake kivuli cha punda.

Alikuwa mama mzee, mkavu, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani na fimbo ya punda mkononi. Baadaye tulijua anaitwa Susu Kalekye, kwa Kikamba susu ni nyanya, na kwamba kisima kile alikichimba yeye. Hakupiga kelele. Alitazama mkono, akatutazama sisi mmoja mmoja.

"Ni nani huyo mmelaza kwa kisima yangu?"

"Ni mwalimu wetu, Susu," Mwende akasema. "Tunaigiza tu. Hajakufa."

"Kama hajakufa anijibu." Akainama. "Wewe! Wewe wa mkono!"

Mwalimu hakujibu. Mwende hakuwa amesema inatosha, kaseti ilikuwa inazunguka, na mtu yule alikuwa mtiifu kwa wanafunzi wake kuliko tulivyokuwa watiifu kwake. Hata kidole hakikucheza. Nikaona uso wa Susu ukibadilika. Mwende akapiga ukelele, "Inatosha, Mwalimu! Inatosha!" Mchanga ukaanza kupasuka kifuani.

"Alale!" Susu akasema, na fimbo ikapiga chini. "Asiamke hivyo kama mtu ametoka kulala mchana. Mmemlaza kama mfu kwa maji ya watu. Atarudi njia ile alienda." Akamgeukia Jeremiah, aliyekuwa ameanza kuishusha kamera. "Wewe usiweke hiyo kitu chini. Hiyo jicho yako imemwona akikufa. Lazima imwone akiamka."

"Susu, kaseti imebaki kidogo," Jeremiah akasema.

"Basi tufanye haraka. Nyinyi mliomlaza, mwiteni. Mara tatu."

"Mwalimu!" tukaita, tukiaibika.

"Kwa kaburi hakuna mwalimu," akasema Susu. "Huko mtu anaitwa jina."

Sisi hatukuwa tumewahi kulitamka jina lake bila kuliwekea Mwalimu mbele. Ilikuwa rahisi zaidi kumzika kuliko kumwita hivyo. Ali ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo iliyopasuka, na sisi tukamfuata. Musembi. Susu akasema hasikii. Musembi! Mara ya tatu mama mzee mwenyewe aliita pamoja nasi, kwa sauti iliyokwenda mpaka ng'ambo ya pili na kurudi: "Musembiii!" Na mchanga ukainuka. Aliketi, gunia likaanguka, akapiga chafya mara mbili, mchanga ukimtoka masikioni. Susu akachota maji kwa kibuyu, akamwekea mdomoni kama mtoto, akanywa yote. "Sasa umerudi," akamwambia. "Ukienda tena, uende kwa siku yako." Kamera ikalia kidogo ikazima. Kaseti ilikuwa imekwisha.

Niseme hapa kwamba desturi ile sijaisikia mahali pengine popote, na nimeuliza kote Ukambani. Nadhani aliitunga palepale, kwa sababu alitukuta tumefanya kitu ambacho hakikuwa na dawa, akaona afadhali atengeneze dawa. Lakini siku ile tulikasirika. Mwende alilia njia nzima. Tulikuwa na dakika nne za hofu safi, na mwisho wake mtu anapiga chafya! Tulimsihi Jeremiah arudishe kaseti nyuma apige juu ya sehemu ile hata picha ya giza tu. Akafunga mkoba wake wa kamera. "Mimi ni mshirika wa kanisa," akasema, "na yule mama ameongea. Siwezi kumrudisha mtu mahali alipotolewa." Akaenda harusini. Mwalimu, akiwa bado anajikung'uta, alisema tu, "Tuna filamu ambayo hatukuipanga. Twendeni tukanywe chai." Mimi nilikuwa nahesabu siku zilizobaki kabla ya kubebewa mkoba.

Siku ya Wazazi Jeremiah alileta televisheni na jenereta kwenye ukumbi wa kulia. Kwanza wazazi walimwona bibi arusi wasiyemjua akikata keki, kwa sababu kaseti haikurudishwa mahali sawasawa, na mama mmoja akauliza huyo ni wa kidato gani. Kisha mto ukatokea. Ukumbi ukatulia. Nyayo za wawili zilikwenda, mbuzi akatazama, nyayo za mmoja zikarudi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, karibu na nje. Mkono ulipojaza kioo, mchungaji aliyekuwa mwenyekiti wa wazazi akasimama na Biblia kwapani. "Mwalimu mkuu," akasema, "hii ndiyo watoto wetu wanafundishwa hapa?" Mwalimu mkuu alimtazama Musembi. Musembi alinitazama mimi. Na hapo, kwenye televisheni, fimbo ikapiga chini, na sauti ya bibi kizee ikasema jicho lazima limwone akiamka.

Mchungaji alibaki amesimama. Mara ya kwanza tulipoita, hakuna aliyepumua. Mara ya pili, mama mmoja nyuma ya ukumbi akaita pamoja nasi, sijui kama alijua anaita. Mara ya tatu waliita wengi, wazazi wazima, wakimwita kwa jina mtu aliyekuwa amesimama hai pale kando ya sufuria za maharagwe, na mchanga ulipoinuka ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, na alipopiga chafya walicheka mpaka wakashikana. Kioo kikajaa chenga. Mchungaji akajikohoza. "Haya," akasema. "Kama ameamka, tuendelee na ajenda." Akaketi.

Jioni ile Mwalimu alinikuta nyuma ya darasa la jiografia, mahali palepale. Akaegemea ukuta. "Wazazi wamekwenda," akasema. "Ahadi ni ahadi. Nikubebee?" Nilitazama barabara. Ilikuwa bado inakwenda mbali. "Bado," nikamwambia. Nilimaliza kidato cha nne. Kisha nikaondoka, na sijatulia tangu siku hiyo, lakini niliondoka kwa mlango, mchana, nikiwa na cheti, na yeye alinibebea mkoba mpaka stendi kama alivyosema.

Mbooni kulikuwa na baridi Alhamisi ile, na udongo wa kaburi ulikuwa mwekundu, mzito, haufanani hata kidogo na mchanga wetu. Jeremiah, mvi kichwa kizima, alikuwa ameihamisha kaseti kwenye flashi, na mwanawe Mwalimu akaionyesha kwenye kioo ndani ya hema kabla ya ibada. Binti mdogo wa Mwalimu akasema, "Kumbe Baba alikuwa na nywele!" Watu wakacheka huku wakifuta macho. Mjane alitutafuta, sisi watatu, akatushika mikono. "Alikuwa akiniambia wanafunzi wake walimfufua," akasema. "Miaka yote nilidhani ni maneno ya mahubiri."

Zamu yetu ya kutupa udongo ilipofika, Mwende, ambaye sasa ni mwalimu mkuu mahali fulani na bado ana sauti ya kiranja, aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Tumwite?" Ali akasema, "Mara tatu." Tukamwita, si kwa nguvu, jina lake tupu, kama tulivyofundishwa. Tukasubiri kidogo. Hatukutarajia kitu. Tulisubiri kwa sababu tuliomlaza mara ya kwanza ni sisi, na ilikuwa haki tuhakikishe kwamba safari hii amekwenda kwa siku yake. Kisha wanaume wakachukua sepetu.

Baadaye tulisimama kando ya tangi la maji tukinawa udongo. Mwende alinipa kikombe, nikanywa yote. Akaniuliza kama nimeshafunga mkoba wa kurudi Lodwar kesho asubuhi. Jikoni kina mama walikuwa wanapakua muthokoi, na harufu ilikuwa imefika mpaka pale.

"Bado," nikamwambia.